Nyumba Iliyoliwa na Kodi

Kwa muda mrefu niliichukia kodi kuliko mtu yeyote wa Rosettenville, hapa Johannesburg, na pale wanaoichukia si wachache. Nilikuwa nasuka nywele za watu huku naitukana. Mteja akikaa kwenye kiti changu, kabla sijamchana, tayari ameshasikia kwamba nchi hii inamkata kodi hadi askari aliye vitani, ilhali Wamarekani wana sheria yao: askari akiwa kwenye eneo la mapigano, mshahara wake unasamehewa kodi ya mapato. Nililisema hilo kwa uhakika wa wakili. Sikuwa nimesoma sheria yoyote. Nilikuwa nimeambiwa na mume wangu, na mimi nilikuwa mke wa kuamini.

Mume wangu ni mwanajeshi, mwenyeji wa nchi hii, Mzulu. Alikuja saluni kumleta dada yake kusuka, dada akamaliza akaondoka, yeye akabaki. Tulioana kwa karatasi za serikali, na mahari akatoa nusu, akaahidi nusu nyingine. Siku aliyoongea na mama yangu kwa mara ya kwanza kwenye simu ya video, aliinamisha kichwa, hakumtazama usoni hata mara moja. Nilimpenda sana kwa hilo. Kwao, kama kwetu Kongo, mama mkwe si mtu wa kuchezewa. Kwetu mkwe akimwona njiani huacha njia ampishe. Hampi mkono, hali naye, hakai kwenye kiti alichokalia. Kitanda chake ndiyo kabisa, hata kukigusa ni nuksi, na mwanaume anayefanya hivyo husemwa mpaka na wajukuu.

Alipopangiwa kwenda kulinda amani, alipangiwa kwetu, Goma. Nililia, nikacheka, nikaanza kumfundisha Kiswahili. Kila siku akirudi kazini tulikaa kwenye chumba chetu cha mtaa wa La Rochelle, sahani ya uji mgumu wa kwao katikati yetu, mimi nikitamka na yeye akifuata. Nilimfundisha kusalimia wakubwa, kupatana bei, kuomba radhi, kumsifu mtu kwa upole. Alikuwa na sikio zuri. Nilimfundisha vizuri mno, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wakati huo mama alikuwa anaishi chini ya turubai la plastiki, nje ya mji, juu ya yale mawe meusi ya volkano. Kijiji chake kilikuwa kimekimbiwa kwa sababu ya vita. Mvua ikinyesha, maji yalipita chini ya mkeka wake kana kwamba hayajaona mtu amelala hapo. Kifua chake kilikuwa kimeanza kupiga filimbi. Kila alipopiga simu nilisikia kikohozi kwanza, halafu salamu.

Mume wangu aliahidi mwenyewe, bila kuombwa. Alisema askari anayepelekwa kwenye hatari huongezewa fedha juu ya mshahara. "Hiyo si yetu, sthandwa," aliniambia, akiniita mpenzi kwa lugha yao. "Hiyo ya mama. Mimi jenga nyumba ya mbao, kabla ya mvua kubwa. Sharp, sawa?" Nikampigia mama nikamwambia. Mama akaniuliza kama nyumba hiyo itakuwa na dirisha.

Akaenda. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Nikasema labda malipo yamechelewa, serikali ni serikali. Mwezi uliofuata akapiga simu, sauti ya mtu aliyefiwa. "Eish. Kodi imekula yote."

Nikamuuliza imekulaje yote. Ndipo akanitumia habari aliyoipata kwenye mtandao, ile ya Wamarekani na msamaha wao, akasema: ona, wenzetu wanaheshimiwa, sisi hata hela ya kufa inakatwa. Uongo wake ulikuwa na mfupa wa kweli ndani yake, ndiyo maana ulisimama. Ile sheria ya Wamarekani ipo. Mimi nikaichukua, nikazunguka nayo saluni nzima, nikawa mhubiri. Nilimtetea mume wangu mbele ya watu ambao hata hawakumshtaki. Nilimpigia mama nikamweleza habari za kodi, yeye ambaye hajawahi kuona hati ya mshahara maishani mwake, naye akanijibu kwa upole: "Sasa tutafanya je, mwanangu. Serikali ni bakubwa."

Mvua kubwa zikaja. Mama akahamishia mkeka wake juu ya mawe aliyoyapanga mwenyewe, akalala ameketi.

Kuna jambo jingine lililonikera siku zile, na linanikera bado. Mahali hapo palipompa mume wangu nyongeza ya hatari ni kwetu. Mama yangu alikuwa kwenye hatari ile ile, anasikia milio ile ile, ila hakuna aliyempa nyongeza, wala hakuna aliyekaa bungeni kujadili asamehewe nini. Kumbe kuna watu wanalipwa kwa kuwa mahali ambapo wengine wamezaliwa tu.

Siku ya kujua ilikuwa siku ya kawaida, Jumamosi, saluni imejaa. Kwenye kiti changu alikaa mama mmoja wa hapa hapa, mnene, mcheshi, anataka rasta nyembamba. Katika mazungumzo akasema mumewe naye ni askari na yuko Kongo. Tukataja kikosi, kikawa kile kile. Nikafurahi, nikajua nimepata wa kulia naye. Nikaanza mahubiri yangu ya kodi.

Aligeuka kunitazama hadi nywele zikanitoka mkononi. "Hawu, dada," alisema, "wanakata chao, kweli, lakini hela inaingia. Kila mwezi inaingia. Mimi nimeweka vigae jikoni."

Nikamuuliza tena kama mjinga. Akacheka, si kwa ubaya, akasema labda mume wangu ana mikono yenye matundu. Nilimaliza kumsuka. Nilimsuka vizuri, kila mstari umenyooka, maana nilihisi nikiacha mikono isimame nitapiga kioo.

Nyuma ya saluni yetu kuna mzee mmoja Mtanzania wa Tanga anayewashughulikia wenye vioski mambo yao ya kodi. Nilimfuata baada ya swala yake ya alasiri, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anafuta miwani. "Binti yangu," alisema, "sheria ya Marekani ni ya Wamarekani. Hapa askari hukatwa kama sisi wengine. Lakini nikwambie kitu. Kodi ni kupe, si fisi. Hunyonya, haimezi ng'ombe na pembe zake. Nyongeza hiyo wanaikata au hawaikati, haiwezi kuisha yote. Hakuna kodi ya namna hiyo duniani. Aliyekula ana meno."

Nilirudi chumbani. Sikulia. Nilikaa kitandani na viatu vyangu, nikasema kwa sauti, nikiwa peke yangu, kwamba mtu huyu nitamfanyia kitu. Sikujua nini. Nilijua tu kwamba nitakifanya na kwamba nitakifurahia.

Shangazi yangu, dada yake baba, anauza makaa Goma, kwenye mtaa ulio karibu na kambi ya askari. Mtaani pale hakuna kinachompita. Nilimtumia picha ya mume wangu na maneno machache. Kabla wiki haijaisha akanirudishia ujumbe wa sauti.

"Mwanangu, kaa chini kwanza. Ule bwana yako nilimuona. Iko nyumba ya mbao huku nyuma ya soko, mabati mupya, mulango bluu. Njo yeye aliijenga. Mu ile nyumba kuko musichana mumoja anauzishaka pombe. Batu banamuita bibi ya musoda, bibi ya askari. Na Kiswahili anayosemaka ule mwanaume, mwanangu, ni kama ninasikia weye."

Kwa hiyo nyumba ilikuwepo. Angeinywa hela ile yote ningemchukia kama wake wengi wanavyowachukia waume zao, kwa kuzoea. Lakini aliijenga. Alipatana bei ya mbao kwa maneno niliyomfundisha, akapigilia misumari, akapaka mlango rangi, mama yangu akiwa umbali wa kutembea, amelala ameketi. Nilimuuliza shangazi kama nyumba hiyo ina dirisha. Akasema ina mawili.

Dada mmoja wa saluni alinishauri nimripoti kwa wakubwa wake. Mwingine akasema nimwachie Mungu. Mungu ana kazi nyingi, nami niliona hii naiweza mwenyewe. Wakubwa wake wangemfokea, wangemkata siku za mapumziko, kisha angerudi kwenye mlango wake wa bluu. Mimi nilitaka mlango wenyewe. Nilitaka mama aingie, na nilitaka aingie kwa namna ambayo mwanaume huyo hataweza kumtoa hata akija na bunduki.

Nikakumbuka alivyoinamisha kichwa siku ile kwenye simu.

Kazi ngumu haikuwa kwake. Ilikuwa kwa mama. Nilipomweleza ninachotaka, aliniuliza kama niko mzima. "Mimi nilale mu kitanda ya mukwe?" alisema. "Batu batasema nimekuwa mulozi. Hapana, mama. Acha nife na heshima yangu." Nilimwambia heshima yake ilikuwa imelowa tangu mvua za mwanzo. Nilisema vibaya, najua. Nikamwambia kuwa fedha ile ilitajwa kwa jina lake kabla haijatoka, kwamba mwanaume huyu hajamaliza hata mahari, na mkwe asiyemaliza mahari hana chake ukweni. Alikohoa, akakataa. Shangazi ndiye aliyemshinda. Kwetu shangazi ndiye mwenye ndoa ya mtoto wa kaka yake. Alikwenda kwenye turubai, akaukunja mkeka wa mama mwenyewe, akaubeba kichwani, akaanza kutembea. Mama akafuata mkeka wake.

Walikwenda mchana kweupe. Shangazi aliiweka simu wazi ndani ya kitenge chake ili nisikie, nami nilikuwa saluni, kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimetimka. Nikamwomba mteja anisamehe. Alipoona uso wangu alisema niendelee na mambo yangu.

Nilisikia hodi. Nilisikia sauti ya msichana, sauti changa kuliko nilivyoitengeneza kichwani, ikisema karibuni. Shangazi alikuwa na kuku na kikapu cha unga, na mtu wa kwetu hafungi mlango mbele ya wazee waliobeba kuku. Shangazi akasema wao ni watu wa upande wa mwenye nyumba, wamekuja kuisalimia nyumba. Jambo ambalo si uongo. Msichana akawaletea maji. Wakaulizana habari za mvua, za bei ya unga, za barabara. Kisha shangazi akasema huyu mwenzangu ni mgonjwa, njia imemchosha, atapata pa kujinyoosha kidogo?

Msichana akasema ndiyo, mama, lala hapa. Alimpa kitanda chake. Alimfunika kwa shuka lake. Nilimsikia akimwambia mama ageukie ukutani, kuna upepo.

Shangazi alisubiri mpaka mama amelala sawasawa. Nilimsikia akijikohoza. "Sasa, binti, nikuambie wewe nani ule. Ule ni mama mukwe ya bwana yako. Alimuzalia bibi ya ndoa, iko Afrika Kusini. Umemulalisha mukwe mu kitanda ya mukwe wake."

Msichana alipiga yowe ambalo hata mteja wangu alilisikia. Nilisikia kikombe kinaanguka, nikasikia majirani wanaanza kuuliza kuna nini, na shangazi anawajibu kwa sauti ya soko, mmoja mmoja, kwa utaratibu, akianzia mwanzo. Baadaye akaniambia msichana alishika kichwa kwa mikono miwili na kurudi nyuma mpaka mlangoni, kama aliyeona nyoka kitandani. Hakukusanya hata vyombo. Alikuwa mtoto wa pale pale, alijua maana yake. Hakuna mwanamke wa kwetu atakayelala na mwanaume kwenye kitanda hicho tena, wala chini ya paa hilo. Alichukua kitenge chake na ndala, akaenda kwa dada yake.

Watu huniuliza kama nilimwonea huruma. Sikumwonea. Najua alikuwa ametoa maji, shuka na kitanda, na kwamba alidanganywa kama mimi, aliambiwa mke wa mwanaume huyo si Mkongo. Najua yote hayo. Huruma yangu siku ile ilikuwa imelala upande wa ukutani, inakohoa.

Mume wangu alipiga simu jioni. Nilikuwa nafagia nywele. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, lakini alikuwa na sauti ndogo.

"Mwambie mama atoke," alisema. "Tafadhali. Kitanda tu. Atoke kitandani, abaki kwenye kiti, tutaongea."

"Kwa nini humwambii mwenyewe? Kiswahili unacho."

"Wewe unajua siwezi kuingia humo."

"Basi nyumba imekwenda," nikasema. "Eish. Kodi."

Sitasema uongo, nililifurahia neno hilo kwa wiki nzima. Nililila na chai. Wenzake kambini walipata habari, maana soko lilikuwa linaimba, na nilisikia kwa yule mama wa vigae kwamba walimpigia saluti ya mama mkwe kila alipopita kwenda kuoga. Siku moja alijaribu kwenda. Alifika mpaka kwenye uzio, akamwona mama ameketi mlangoni akichambua maharage. Akavua kofia, akapisha njia, akaondoka. Mama hakuinua uso. Aliniambia tu kwamba mkwe wake amekonda.

Kifua cha mama kilikauka. Sasa akipiga simu nasikia salamu kwanza.

Kikosi chao kiliporudishwa nyumbani, mume wangu alikuja La Rochelle akiwa na begi lake. Nilimpikia, kwa sababu alikuwa na njaa na mimi si mnyama. Alikula yote. Akanawa mikono. Kisha akaongea kwa utulivu wa mtu aliyepanga maneno yake ndani ya ndege. Alisema amepata mnunuzi wa ile nyumba, mbao na mabati, mtu wa Goma, na kwamba anachohitaji ni mimi kumwambia mama yangu aondoke. Nisipomwambia, atakwenda ofisi ya uhamiaji kuandikisha kwamba ndoa yetu imekwisha. Mimi ninaishi nchi hii kwa kibali cha mke. Wote wawili tulijua maana yake.

"Fikiri," alisema. "Una saluni hapa. Una maisha. Ni mbao tu."

Niliondoa sahani yake mezani. Nilikuwa nimeishi Johannesburg miaka mingi kuliko niliyoishi na yeye. Mitaa hii naijua kwa miguu, wateja wangu huniita hata kwenye misiba yao. Nilitamani sana awe mtu wa kupiga, anipige, nipate sababu ya kupiga kelele. Hakuwa wa kupiga. Alikuwa wa kusubiri jibu, mikono safi juu ya meza.

Nikamwambia aende. Nikamwambia ofisi inafunguliwa asubuhi na foleni ni ndefu, awahi. Nilimfungashia na mkate.

Akaenda kweli. Kibali changu kinaisha mwaka huu, na mzee wa Tanga anasema kuna njia za kukata rufaa, ila haniangalii machoni anaposema. Nasuka. Naweka akiba kidogo. Nikikutana na mume wangu barabarani siachi njia, yeye ndiye anayevuka ng'ambo ya pili, na bado moyo wangu unasema haitoshi.

Jana nilimweleza mama kila kitu, kwamba huenda wakanirudisha. Nilidhani atalia. Aliniuliza nguo zangu ni mabegi mangapi. Kisha nikasikia anavuta kitu kizito sakafuni, nikamuuliza anafanya nini.

"Nasogeza kitanda," alisema. "Weye utalala huku kwa dirisha."